Jumba la Michezo Lisiwe Paa la Sherehe

Mashindano ya Mataifa ya Afrika ya wachezaji wanaochezea ligi za nchi zao, yaliyofanyika Agosti 2025 katika Uganda, Kenya na Tanzania, yalituachia sisi tuvaao sare jambo la kujivunia. Uwanja wa Mandela ulioko Namboole, ambao ulifunguliwa mwaka 1997 na kisha ukachakaa hata ukawa haufai tena kwa michezo ya kimataifa, ulikarabatiwa na wahandisi wa jeshi letu. Wageni waliokuja kucheza juu ya nyasi zile waliona kazi ya mikono ya askari. Kazi hiyo ni jibu tosha kwa wale ambao hudhani kwamba jeshi hujua kubomoa tu.

Tangu Septemba 2023, nchi hizi tatu zilipopewa kuandaa kwa pamoja Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, fikira za watu wengi zimeelekea kwenye viwanja vya mpira wa miguu. Ni haki iwe hivyo, kwa maana mpira wa miguu ni mchezo wa umma. Hata hivyo, ni wajibu wetu kukumbushana kwamba michezo ya taifa haichezwi yote juu ya nyasi. Ipo sakafu iliyo chini ya paa, nayo kwa miaka mingi imeachwa ijitegemee yenyewe. Leo twapenda kuizungumzia sakafu hiyo, na kueleza kwa nini jambo lake linamhusu kila askari, awe wa jeshi, wa polisi au wa magereza, hata yule ambaye hajapata kugusa mpira tangu alipoacha shule.

Deni la ndondi

Hebu tuanze na hesabu iliyo wazi. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, Uganda ilipata medali zake za kwanza kabisa, na zote mbili zilikuwa za ndondi: Eridadi Mukwanga alipata ya fedha na Leo Rwabwogo akapata ya shaba. Mwaka 1972 huko Munich, Rwabwogo alirudi na medali ya fedha. Mwaka 1974 Ayub Kalule akawa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa mjini Havana. Mwaka 1980 huko Moscow, John Mugabi akapata medali ya fedha. Tangu siku ile hatujapata tena medali ya Olimpiki katika ndondi.

Katika muda huohuo wanariadha wetu wamesonga mbele. Mwenzetu John Akii-Bua, ambaye alikuwa askari polisi, aliliweka jina la Uganda juu ya dunia mwaka 1972 kwa kukimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, na rekodi ya dunia ikawa yake. Joshua Cheptegei, naye wa Polisi, ameendeleza kazi hiyo kwa medali za dhahabu za Olimpiki mjini Tokyo na Paris. Basi vijana wenye vipaji hawakukoma kuzaliwa. Lakini mkimbiaji aliyezaliwa katika milima ya Sebei hupata uwanja wake mlangoni kwa baba yake, bure, kila siku ya Mungu. Bondia hana mlima. Bondia anahitaji ulingo, mfuko wa kupiga, taa, mwalimu, na paa lisilovuja. Vitu hivyo vikikosekana kwa miaka mitano, kizazi kizima cha mabondia hupita bila kujulikana.

Hatusemi kwamba ukosefu wa majumba ndiyo sababu pekee ya upungufu huo. Tunasema kwamba mchezo wa ndani hufa mlango unapofungwa, na kwamba mlango huo unaweza kufunguliwa na sisi wenyewe.

Nini kimo ndani ya jumba

Wako wasomaji ambao wakisikia jumba la michezo huwaza jengo la fahari lenye viti elfu kumi, kama lile la Kigali lililozinduliwa Agosti 2019 baada ya ujenzi wa miezi michache. Jumba lile ni sifa kwa jirani zetu. Limepokea fainali za ligi ya kikapu ya Afrika mara kadhaa tangu ligi hiyo ilipoanza mwaka 2021, na limepokea pia matamasha makubwa ya muziki. Timu ya kikapu ya jeshi la Rwanda, APR, imecheza humo mbele ya umati wa watu wake. Lakini kambi haihitaji viti elfu kumi. Kambi inahitaji sakafu.

Chukua sakafu yenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 20. Hicho ndicho kipimo kamili cha uwanja wa mpira wa mikono. Ndani ya mistari yake hukaa uwanja wa kikapu, ambao ni mita 28 kwa 15, na uwanja wa netiboli, ambao ni mita 30.5 kwa 15.25. Ukipanga kwa kukata upande wa pili, hupatikana viwanja viwili vya mpira wa wavu vya mazoezi, kila kimoja mita 18 kwa 9, au viwanja vinne vya mpira wa vinyoya. Ukikunja nyavu na kutandika magodoro magumu, umepata mahali pa judo na karate. Ukiinua ulingo wa kamba pembeni, umepata ndondi. Meza sita za tenisi zikipangwa ukutani, hata askari wa zamu aliyebakiwa na robo saa hupata la kufanya. Kila mchezo huchorewa mistari ya rangi yake, ili macho yasichanganyikiwe. Hivyo sakafu moja yaweza kuhudumia michezo minane au tisa, ilimradi pawepo ratiba na mtu wa kuisimamia.

Paa nalo lina sheria yake. Mpira wa wavu na wa kikapu huhitaji nafasi tupu ya mita 7 au zaidi juu ya vichwa vya wachezaji. Ghala la zamani lenye dari fupi haliwezi kugeuzwa jumba kwa kupaka rangi tu. Hewa lazima ipite, kwa maana watu sitini wanaotoka jasho katika chumba kilichozibwa huambukizana mafua na kikohozi badala ya kupata afya.

Sakafu yenyewe ndiyo moyo wa jambo. Ya mbao, iliyotandazwa juu ya mihimili yenye vipande vya mpira chini yake, hunepa kidogo mguu unapotua, kisha hurudi. Mnepo huo mdogo ndio unaookoa goti, kifundo na muundi. Saruji tupu hairudishi kitu isipokuwa maumivu, nasi twafahamu ni kuruta wangapi huacha mafunzo kwa sababu ya miundi iliyoumizwa na kurukaruka juu ya ardhi ngumu. Lakini mbao zina adui watatu: maji, mchanga na buti. Anayeingia na buti za gwaride juu ya sakafu ya mbao huiharibu kama msumeno. Anayeipiga deki kwa ndoo za maji huivimbisha. Hufagiwa kila siku kwa ufagio laini, kisha hupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Haya si mambo makubwa, wala hayahitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Yanahitaji nidhamu ileile ambayo hutufanya tusafishe bunduki kila siku bila kuambiwa sababu.

Faida kwa mlinzi wa raia

Pengine afisa fulani atauliza: kazi yetu ni ulinzi, michezo ya ndani ina faida gani kwa ulinzi? Swali hili ni la haki na linastahili jibu.

Jibu la kwanza ni mvua. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu mvua hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Katika miezi hiyo uwanja wa wazi huwa matope, radi hupiga, na mazoezi ya jioni huahirishwa mara kwa mara. Askari anayefanya mazoezi nusu ya mwaka ni askari wa nusu. Paa huondoa udhuru huo.

Jibu la pili ni mikono. Polisi hukutana kila siku na mlevi, mwizi wa mfukoni, au kijana mwenye hasira ambaye hataki kuingia garini. Askari ambaye hakufundishwa kumshika mtu, kumwangusha bila kumvunja na kumfunga pingu bila kumpiga, akishikwa na hofu hukimbilia kirungu, na baada ya kirungu hukimbilia bunduki. Huenda mtu akafa kwa kosa ambalo hakimu angemtoza faini. Judo, aliyoiasisi Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka 1882, msingi wake ni kutumia nguvu ya mpinzani ili kumshinda kwa jitihada ndogo, na polisi wa Japani waliiingiza katika mafunzo yao. Mazoezi hayo hayafanyiki juu ya kokoto. Yanahitaji magodoro, nayo magodoro yanahitaji paa. Kwa hiyo tunaposema kwamba jumba la mazoezi laweza kuokoa uhai wa raia, na pia kumwokoa askari asifikishwe mahakamani, hatutii chumvi.

Jibu la tatu ni utii na ushirikiano. Uwanjani cheo hakifungi bao. Koplo akiwa ndiye mpangaji wa mchezo na kapteni akiwa mfungaji, koplo ndiye atakayemwambia kapteni akae wapi, naye kapteni hana budi kusikia. Wote wawili watatii kipenga cha mwamuzi, hata pale wanapoamini kwamba amekosea. Mtu aliyezoea kumeza uamuzi mchungu mbele ya watazamaji hawezi kupandwa na hasira upesi mbele ya raia anayemtukana kizuizini.

Jibu la nne ni heshima ya taifa. Majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yanapokutana katika michezo yao, hushindana katika mpira wa miguu, kikapu, mpira wa mikono, netiboli na mbio za nyika. Katika hiyo mitano, mitatu ni ya sakafu. Polisi wa Afrika Mashariki nao, ambao michezo yao ya ushirikiano ilianzia hapa Kampala mwaka 2017 na ikafanyika Kigali mwaka 2023, hushindana katika ndondi, judo, karate na wavu miongoni mwa michezo mingine. Timu ya wavu ya wanawake wa Magereza ya Kenya imekuwa bingwa wa vilabu vya Afrika zaidi ya mara moja. Dada wale ni askari kama dada zetu. Na dada zetu wa netiboli walimaliza katika nafasi ya tano ya dunia mwaka 2023 huko Cape Town. Timu inayoweza kufika hapo bila utajiri wa majumba, itafika wapi ikipata majumba?

Waliojeruhiwa

Liko kundi moja ambalo kwalo jumba la michezo si starehe wala maandalizi ya mashindano. Ni wenzetu waliojeruhiwa vitani.

Tangu Machi 2007, vikosi vyetu vilipotua Mogadishu, wako wapiganaji waliorudi wakiwa wamepoteza mguu, mkono au nguvu za uti wa mgongo. Wengine waliumia katika vita vya hapa nyumbani kabla ya hapo. Kituo cha Mubende hutunza wengi wao. Mguu wa bandia ni msaada mkubwa, lakini hauwezi kumkimbiza mtu katika uwanja wenye mashimo, wala kiti cha magurudumu hakiwezi kugeuka upesi katika matope. Sakafu tambarare ndiyo uwanja wao pekee.

Historia yatuonyesha njia. Kikapu cha viti vya magurudumu kilianzishwa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili na askari waliokuwa wakitibiwa katika hospitali za wanajeshi wa zamani. Mwaka 1948, katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, daktari Ludwig Guttmann aliwashindanisha majeruhi 16 wa vita katika mchezo wa kulenga shabaha kwa upinde, na kutoka kwa hao 16 imekua Michezo ya Paralimpiki ambayo dunia yote huitazama leo. Chanzo chake kilikuwa askari. Mpira wa wavu wa kukaa, ulioanzia Uholanzi mwaka 1956, huchezwa katika uwanja wa mita 10 kwa 6, na wavu wa wanaume huwekwa mita 1.15 tu kutoka sakafuni. Hauhitaji hata kiti. Unahitaji mpira, wavu, na watu kumi na wawili wasiokubali kuhesabiwa kuwa wamekwisha.

Mwenye kumpigia mwenzake saluti siku ya paredi, kisha akamwacha kivulini mwaka mzima akihesabu magari yapitayo, hajamaliza wajibu wake. Zamani tulikula naye katika sufuria moja. Yafaa tucheze naye katika sakafu moja.

Ufunguo uko kwa nani?

Sasa tuseme neno gumu kidogo. Hapa mjini Kampala tunalo jumba la Lugogo, kando ya barabara ya Jinja, ambalo mabondia, wachezaji wa kikapu na wa netiboli wa vizazi vingi wamelelewa humo. Jumba hilo ni mali ya taifa, na kazi yake yajulikana. Lakini katika miji na taasisi nyingi hujitokeza desturi ambayo hatuna budi kuionya mapema kabla hatujajenga mengine. Jengo hufunguliwa kwa ngoma, jiwe la msingi hung'arishwa, na kwa miezi michache mazoezi hushamiri. Halafu huja arusi moja, kwa kuwa mwenye arusi ana fedha. Hufuata mkutano, kisha tamasha, kisha maonyesho ya bidhaa. Viti vya chuma huburutwa juu ya mbao. Siku ya mazoezi vijana hukuta kufuli, na mwenye ufunguo hajulikani aliko. Baada ya miaka mitatu, jumba lina mapato, lakini halina wachezaji.

Hatupingi matumizi mengine. Jumba lisilopata fedha hushindwa kulipia taa na kuziba paa, na tumeona kwamba hata Kigali muziki na mpira huishi chini ya paa moja. Tunachotaka ni utaratibu. Saa za mazoezi ziwekwe kwanza, ziandikwe mlangoni, na asiwepo mwenye cheo au fedha wa kuzifuta kwa simu. Sherehe zipewe siku zinazobaki, na sakafu ifunikwe kabla ya kiti cha kwanza kuingia. Fedha zinazopatikana zirudi kwenye sakafu, taa na vyoo.

Katika kambi ratiba yaweza kuwa hivi. Alfajiri, saa kumi na moja na nusu, iwe zamu ya kombania kwa mazoezi ya viungo. Asubuhi wapewe kuruta na mafunzo ya kujilinda kwa mikono. Saa za mchana ziwe za majeruhi na wagonjwa wanaorudishiwa nguvu, kwa kuwa wakati huo jumba ni tulivu. Baada ya saa tisa waingie watoto wa kambini na wake wa askari, maana mtoto wa askari anayekua bila mchezo hutafuta mchezo mwingine mtaani, na matokeo yake polisi wanayafahamu. Jioni ziingie timu za kikosi. Jumamosi mlango ufunguliwe kwa shule za jirani. Raia anayecheza wavu na askari Jumamosi hatamkimbia Jumatatu anapotaka kutoa habari za mhalifu.

La kufanya

Kama fedha za jumba zima hazipo, tusikae tukingoja. Kazi iende kwa hatua. Mwaka wa kwanza yamwagwe zege na kusawazishwa vizuri, ichorwe mistari, isimamishwe milingoti. Mwaka wa pili yainuliwe nguzo na paa. Kuta zingoje, na mbao zingoje zaidi. Sakafu yenye paa bila kuta ni bora mara mia kuliko ramani nzuri iliyo kabatini. Wahandisi waliofufua Namboole hawatashindwa na nguzo ishirini na mabati.

Aidha, kila mwaka tunapokaribia Tarehe Sita, vikosi vyetu hutoka kwenda kwa wananchi kutibu wagonjwa, kusafisha masoko na kukarabati shule. Tunapendekeza kwamba katika kazi hizo kila kikosi kichague uwanja mmoja wa shule au ukumbi mmoja wa umma, kiutengeneze, na mwaka unaofuata kirudi kuutazama. Kurudi ndiko kunakoonyesha kwamba tulikuja kwa dhati.

Kwa makamanda, ombi letu ni moja: muuliza hali ya jumba asihesabu vikombe vilivyo kabatini, ahesabu watu walioingia humo Jumanne ya kawaida, siku isiyo na mashindano wala mgeni rasmi. Kwa askari wa vyeo vyote, ombi letu ni kwamba muingie, muvue buti mlangoni, na mtokapo muiache sakafu safi kuliko mlivyoikuta. Chombo kizuri ni kile kitumikacho. Paa tunaweza kulijenga kwa mwaka mmoja, lakini desturi ya kuingia chini yake hujengwa kila siku, nayo haina mkandarasi mwingine ila sisi wenyewe.